Moto wa Mama Enos

Jumanne moja ya mwaka 1988, Dorca Aoko, mama yake Enos, alivuta ndoo kutoka kisima chake cha Kisian, akakuta imejaa mafuta ya taa. Aliyanusa, akajaza taa, ikawaka vizuri. Maji ya chai akayafuata ziwani, maana chai lazima inywewe.

Kufikia Ijumaa walikuwa wamefika wahandisi watatu, Chifu Ogola na mkuu wa tarafa, ambaye wote walimwita Bwana DO. Bwana DO alieleza kwamba mafuta ni ya taifa, na kwamba Mama Enos atapewa kiwanja Ahero.

"Ahero kunafurika," Dorca alisema. "Na mimi ni mjane. Boma halihami bila mwenyewe. Kwa desturi yetu mume hubeba jogoo, mwana mkubwa shoka, mke moto. Jogoo yupo. Mume yuko pale." Akaonyesha kaburi lililokuwa kulia kwa nyumba.

Chifu Ogola, mtoto wa hapo hapo, alijua mama kasema kweli. Akaangalia viatu vyake. Kazi ni kazi.

Bwana DO aliuliza kama watu wa Kisian wanataka kujitenga na Kenya, kama wale wa nchi nyingine ambao wakiona mafuta leo, kesho wanashona bendera. Dorca akamjibu kwamba yeye hajaenda popote. Wao ndio wanaomwambia aende.

Hati ya shamba ilikuwa bado na jina la Simeon Oduor, marehemu mumewe. Ofisi haina mazoea ya kuuliza nani amekufa, kwa hiyo ikamwandikia barua ya kumwita barazani, yenye muhuri. Chifu aliiweka juu ya kaburi, akaikandamiza kwa jiwe isipeperuke.

Oduor akaja. Alipokuwa hai alikuwa karani, na hakuwahi kuacha barua ya serikali bila jibu. Alifika saa tatu kamili asubuhi, amevaa suti ya kijivu aliyozikwa nayo, udongo magotini, kadi ya chama mfukoni. Bwana DO aliikagua kadi, akaona iko sawa.

"Serikali imesema tuhame," Oduor alisema. "Tutahama."

Dorca alimtazama mtu aliyemlilia miaka sita. Ilimuuma kuliko siku ya mazishi. "Simeon, hata hujaniamkua."

"Habari ya asubuhi, Mama Enos."

Ikaitishwa kura, na mwaka huo kura ilikuwa ya mlolongo. Wanaotaka boma lihame wajipange nyuma ya Oduor, wasiotaka nyuma ya mkewe. Mlolongo wa Dorca ulitoka kambi ya chifu, ukavuka barabara ya Busia, ukaingia kwenye mahindi ya watu. Nyuma ya Oduor walisimama chifu, wahandisi watatu na Enos, mwana mkubwa, dereva wa serikali. Bwana DO alihesabu mara mbili bila haraka, akatangaza kwamba mlolongo mfupi umeshinda kwa kura nyingi. Watu wakarudi kupalilia. Mbunge wao alipatikana vivyo hivyo.

Jumatatu Oduor alisimama langoni na jogoo, Enos na shoka. Dorca alikuwa ameketi kando ya mafiga.

"Leta moto," Oduor alisema.

"Moto ni sehemu yangu. Sehemu yako umeshampa Bwana DO."

"Mama, nitafutwa kazi," Enos alisema.

"Najua, mwanangu. Ukifutwa, njoo ule hapa."

Walikwenda bila moto. Nyumba ya mabati ilisimama Ahero kabla ya jua kutua, kama desturi inavyotaka, lakini haikuwa boma, na ndani yake hakuna kilichopata joto.

Wahandisi walimwambia Dorca azime moto, kwa sababu moto na kisima cha mafuta havikai pamoja. Alikataa. Askari walimwaga ndoo ya maji, kisha pipa, kisha wakavuta mpira wa maji kutoka ziwani. Moto uliwaka, na uji wa Dorca ukaiva kwa wakati wake. Mwishowe mtambo wa kuchimbia mafuta ukasogezwa hatua sitini, kwenye shamba la jirani yake Selpha, ambaye hati yake ilikuwa na jina lake mwenyewe, hivyo haikuhitajika barua kwa marehemu yeyote. Malori yalibeba mafuta miaka tisa. Kisian waliendelea kununua ya taa kwa chupa.

Selpha alihamia kwa Dorca na sufuria zake mbili. Kila jioni Oduor alifika kwa miguu kutoka Ahero, suti imelowa hadi kiunoni, akasimama langoni kuomba kaa moja la moto. Dorca alimwamkua, akamuuliza habari za mafuriko, akampa kiti. Kaa hakumpa.

"Mpe basi," Selpha alisema siku moja. "Amechoka."

"Akichoka, kaburi lake liko wazi. Nalifagia kila asubuhi," Dorca alisema, akaongeza kuni.