Nguzo ya Saba

Saa mbili na robo asubuhi mchora ramani alipangusa meza, akawasha kompyuta na kuwaamsha sisimizi. Walikuwa nukta elfu nne tu kwenye skrini, na kila mmoja alijua mambo matatu: fuata njia ya mwenzako, usimkanyage, weka punje yako pale ulipokuta ya mwenzako. Mkubwa hawakuwa naye. Lakini waache wahangaike nusu siku, utakuta wamesanifu ghorofa zima, lenye ngazi na upepo wa kutosha. Bosi aliwapenda kwa sababu hawaombi likizo.

“Haba na haba,” alikuwa akisema, na yeye kazi yake kusaini tu.

Jumanne walitoka. Walipitia matundu ya feni ya kompyuta, weusi, wadogo kuliko punje ya mchele, wakaanza kukwangua lipu ya ukutani na kujenga juu ya meza mfano wa bweni la wanafunzi, kazi ya wiki ile. Mfagiaji aliwatazama, akaegemea ufagio.

“Hao wafanyakazi. Mimi nafagia takataka,” akasema, akaenda zake.

Alhamisi waliliacha bweni. Walipanda kabati la ramani za zamani, wakaikokota ramani ya zahanati iliyoanguka mwaka jana mpaka mezani. Zahanati ile ilimuua mtu mmoja, fundi mkuu, kaka yake mchora ramani, tumbo moja. Ripoti ilisema fundi alisahau kujenga nguzo ya saba. Tangu hapo mtaani jina lake ni Msahau-Nguzo, na bintiye shuleni huitwa hivyo hivyo.

Ukweli mchora ramani aliujua, maana ulipitia mkononi mwake. Katika ofisi ile mstari haukatwi kwa kalamu, unakwanguliwa kwa wembe, karatasi ibaki safi. Bosi alitaka njia ya magari iwe pana. “Kwangua hiyo ya saba,” alisema, naye akakwangua, taratibu, kwa sababu ana mkono mzuri. Kaka yake alijenga alichochorewa. Nakala yake ilifukiwa naye kwenye kifusi. Wakaguzi walionyeshwa nakala ya mwanzo, yenye nguzo zote, na mchora ramani akanyamaza. Aliogopa jela, akaogopa zaidi uso wa mama yake.

Sisimizi walifika pale palipokwanguliwa, wakasimama, wakaanza kurundika punje. Kufikia saa sita nguzo ilikuwa na urefu wa kidole.

Bosi alikuja kuiangalia. “Kiongozi wao nani?”

“Hawana, bosi.”

“Sasa nitamwita nani ofisini?” Alikuna kidevu. “Ikwangue.”

Mchora ramani aliikwangua. Ijumaa asubuhi aliikuta imesimama tena.

Siku hiyo mama yake alipita kumletea funguo za nyumba alizosahau. Mama huyu kwa mwaka mzima alikuwa na swali moja tu: inakuwaje fundi wa miaka ishirini asahau nguzo? Alivaa miwani, akainama juu ya meza.

“Hii ndiyo aliyosahau mwanangu?”

“Ndiyo hiyo, mama.”

“Mbona wadudu wameikumbuka?”

Mchora ramani aliona aibu. Wembe ulikuwa palepale kando ya kikombe. Akafungua mdomo aseme ukweli, na bosi akawa ameshasimama mlangoni.

“Pole sana, mama. Wadudu hawasahau. Msahaulifu ni binadamu.”

Mama alimtazama bintiye, mchora ramani, akasubiri. Alisubiri muda wa kutosha. Kisha akavua miwani.

“Kweli,” akasema polepole. “Hata utotoni alikuwa akisahau viatu. Huyu naye funguo. Ni damu yetu.”

Bweni limepitishwa. Nalo bosi amelitakia njia pana ya magari, kwa hiyo kuna nguzo ya tisa ya kuondoa. Siku hizi mchora ramani hufika saa moja na nusu na wembe mpya, akakwangua zote mbili, ya saba na ya tisa. Sisimizi hukaa pembeni wakimngoja amalize, kisha huanza upya. Mfagiaji huzoa vumbi bila kuuliza.

Nyumbani swali halipo tena. Mama huketi mlangoni na kuwaeleza majirani, kwa sauti isiyo na kinyongo, kwamba yule mwanawe tangu utotoni alikuwa msahaulifu.