Yangeyange Sebuleni kwa Nekoye

Nekoye alikuwa anachuja chai ya asubuhi alipoona maji yamefika kwenye miguu ya kochi. Hayakuwa maji ya mvua, maana wiki ile mvua haikunyesha Kamukuywa. Yalikuwa baridi, ya rangi ya majani, yametoka chini ya sakafu bila kelele, na viluwiluwi ndani yake. Akatoa vitambaa vya kochi visilowe, akampandisha kuku wa kutamia mezani, akanywa chai yake.

Aliyajua maji hayo. Yalikuwa ya kinamasi cha bondeni, chini ya boma. Mumewe, marehemu Makokha, alikirithi kwa babake na hakuwahi kukilima. Alisema maji nayo yanahitaji pa kulala. Makokha alipozikwa, matanga hata hayajaisha vizuri, ndugu yake mkubwa Mukhisa alichimba mitaro, akapanda mikaratusi, miti inayokunywa kama ng'ombe wa kiangazi, na cheti cha shamba kikatoka kwa jina lake. Nekoye alimweleza mzee wa mtaa. Mzee akasema mambo ya ndugu huongewa na ndugu. Akamweleza Mungu pia, na huko hajaacha kueleza.

Kinamasi kilipokosa pa kulala, kilikuja kwa mwenyewe.

Vyura walitangulia, kisha ndege, yangeyange. Waliingia mlangoni mmoja mmoja kama watu wa kilioni, wameinamisha vichwa. Walikuwa wale wakubwa, weupe tupu, miguu myeusi, shingo imepindika katikati kama bomba lililokunjwa na fundi. Yangeyange hana haraka. Husimama majini mpaka samaki wamsahau, ndipo shingo inafyatuka. Nekoye alisoma mpaka darasa la saba, na baada ya hapo Biblia tu, lakini kusimama kule alikujua. Hawakuwa wamelala. Walikuwa wanangoja.

Jumatano akina mama wa kanisa la Friends walikuja kwa maombi kama kawaida. Walivua viatu wakavipanga dirishani.

"Nekoye, huyu wako ananiangalia vibaya," alisema Roselyne, mwenyekiti wao.

"Anaangalia vidole. Ukivichezesha atadhani ni omena."

Roselyne akakunja vidole, na maombi yakaendelea.

Bintiye Ivy, fundi wa cherehani huko Kitale, alipiga simu.

"Mama, si ukuje tu Kitale. Ati unalala na ndege?"

"Wao wanalala juu ya kabati. Mimi nalala kwa kitanda."

"Na hiyo maji yote?"

"Babako amelala hapa nje, Ivy. Nikitoka, nani atasema hapa ni kwetu?"

Msimu wa kutaga ulipofika, mdomo wa dume uligeuka kutoka manjano ukawa mweusi, ngozi ya karibu na macho ikawa kijani, na mgongoni akaota manyoya marefu, membamba kama shela ya bibi harusi. Alichagua juu ya kabati la vyombo. Akaleta kijiti, jike akakipokea, akakipanga. Akaleta kingine. Nekoye alikumbuka Makokha akiezeka nyumba hii, yeye akimpokeza misumari. Mayai yalikuwa ya buluu iliyopauka, na mume na mke waliyatamia kwa zamu. Vifaranga hawakuanguliwa siku moja, kwa hivyo wa kwanza alikuwa na mwili kabla mdogo wake hajafungua macho.

Agosti ya tohara ikafika. Asubuhi ya kutahiriwa, vijana wa ukoo hupakwa matope, na matope hayo hayachukuliwi popote tu. Hutoka pale walipopakwa babu zao. Bondeni udongo sasa ulikuwa na nyufa za kuingia mkono, na Mukhisa alikuwa na mjukuu wa kupakwa.

"Mulembe, shemeji," alisema mlangoni, suruali imekunjwa magotini.

"Mulembe, mzee. Karibu."

"Nimesikia matope iko huku."

"Iko nyuma ya kochi. Hiyo ya mlangoni bado ni changa."

Akiwangoja wazee wenzake, Mukhisa aliinua macho. Kule juu ya kabati kifaranga mkubwa alikuwa anamdonoa mdogo kichwani. Mama yao alisimama kando, akitazama dirishani.

"Huyu ataua mwenzake," alisema Mukhisa.

"Huwa wanafanya hivyo."

"Kwani chakula imepungua?"

"Chakula ipo. Alitangulia kuzaliwa tu."

Mukhisa akakohoa. Kifaranga mdogo akaanguka majini, Nekoye akamwokota na kumrudisha, kama alivyomrudisha jana.

Angeweza kumnyima. Kijana aliyepakwa matope ya kuazima husemwa mpaka uzeeni. Lakini mtoto hakuchimba mtaro.

"Chukua, mzee," alisema. "Ila ukumbuke yametoka wapi."

"Nitakumbuka."

Wazee walipoingia na karai, Nekoye akatoka nje, maana mwanamke hakai hapo.

Mukhisa alikumbuka vizuri. Tohara ilipoisha alirudi na Kigen, afisa wa mambo ya maji kutoka Bungoma, aliyevaa gambuti na kubeba kibao cha mbao. Kigen alipima kina karibu na meza, akatazama kiota, akakubali kikombe cha chai.

"Mama, hii ni ardhi oevu," alisema. "Sheria hairuhusu mtu kuishi ndani. Itabidi uhame."

"Na kule chini?"

Kigen alichungulia dirishani. Mikaratusi ilikuwa imefika kiunoni.

"Kule ni shamba ya mtu. Kavu kabisa."

"Maji haya yalitoka kule."

"Naona, mama. Lakini mimi hupima maji mahali iko, si mahali ilitoka."

Alipigilia kibao hicho, kilichoandikwa "Ardhi Oevu, Usikae", kando ya kochi. Mukhisa alikishika kisiende upande. Yangeyange aliyekuwa hapo alisogea hatua moja, akasimama tena.

Walipoondoka, Nekoye alisafisha vikombe. Kifaranga mdogo hakuwa tena kiotani wala majini. Mkubwa alikuwa anajifunza kusimama kwa mguu mmoja. Bondeni watu wa Mukhisa walikuwa wanapanda mstari mwingine wa miti, na aliwasikia wakicheka.

Akatundika vitambaa vya kochi juu ya kibao vikauke. Kisha akaketi, miguu majini, vidole amevikunja, akangoja.