Cheti cha Gajanan Katika Nyumba ya Msiba

Kaka yangu Gajanan alifeli matriki, mtihani wa kumaliza shule, mara mbili, na mara zote mbili alifeli kwa madaha. Mara ya kwanza aliangushwa na hesabu. Mara ya pili hesabu zilimwonea huruma, akaangushwa na Kiingereza, kwa sababu alikuwa amekariri insha moja tu, ya siku ya mvua kijijini, na watahini wakauliza habari za safari ya treni. Mwingine angelia. Gajanan aliandika kwamba treni iliondoka salama, ikafika porini, mvua ikaanza kunyesha, abiria wote wakashuka kuitazama; na kuanzia hapo akaimwaga insha yake yote ya mvua mpaka nukta ya mwisho. Alirudi nyumbani anacheka peke yake. Matokeo yalipotoka alikuwa wa kwanza kushangaa.

Msidhani alikuwa mjinga. Ndivyo tulivyofundishwa enzi za Mwingereza. Mwalimu Mkuu Limaye, mwenye kilemba cha zari na koti jeusi lililoota kijani mgongoni, aliwakaririsha wavulana mito yote ya Uingereza, kutoka kaskazini kushuka kusini, na aliyeruka mmoja alichapwa vidole. Mto Krishna, ambao tulioga ndani yake kila asubuhi, haukuwa kwenye mtihani, kwa hiyo hakuna aliyeulizwa unatoka wapi. Mimi sikufika huko. Nilitolewa shule darasa la nne, kwa kuwa msichana akisoma zaidi ya hapo, walisema, mume wake atakosa cha kumwambia. Nimeishi miaka mingi na mume, Mungu amrehemu, na nathibitisha kwamba hakuwa na cha kuniambia hata hivyo.

Basi ule mwaka wa thelathini na moja ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho. Baba alikuwa kuhani, mtu wa kuozesha na kuzika, na alikwisha sema mbele ya watu wote. Gajanan akipita, mjomba angemwombea kazi ya ukarani kwenye ofisi za reli Bombay. Akifeli, angebeba mkoba wa Baba na kumwitikia maombi kwenye harusi na mazishi mpaka azeeke. Gajanan alikuwa na sauti ya chura, na aliitaka ile kazi ya reli kuliko alivyopata kutaka kitu chochote. Mwaka ule alisoma kwelikweli. Hata mimi, niliyekuwa namtania asubuhi na jioni, niliona kwamba amekonda.

Mtihani ulikuwa Satara, unaanza Jumatano, na basi la kwenda huko lilipita kwetu Jumanne saa sita mchana. Mnajimu wetu, Mzee Phadke, akafungua kalenda yake ya nyota, akatingisha kichwa.

"Jumanne haifai kabisa kwenda kaskazini," akasema. "Satara iko kaskazini. Kijana aondoke Jumapili asubuhi, jua likichomoza."

"Jumapili akafanye nini Satara?" Mama akauliza. "Akawasalimie mbuzi?"

Kwetu hilo halikuwa tatizo. Mtu asipoweza kuondoka saa njema, kitu chake humtangulia. Unafunga kibunda, unakipeleka saa ileile nyumba ya jirani, na safari inahesabiwa imeanza. Siku unayoondoka kwa miguu yako unakipitia tu njiani. Sharti ni moja: kikishatoka, hakirudi tena ndani ya nyumba yako. Ni ujanja, ndiyo, lakini ni ujanja wa heshima, na miungu iliuzoea.

Hapo ndipo Bibi Thaku alipotoa wazo lake. Bibi Thaku alikuwa shangazi yake Baba. Alimzika mume akiwa na miaka kumi, hata hajamjua vizuri kwa sura, akarudishwa kwetu, na tangu hapo akavaa kitambaa chekundu cha wajane, akinyolewa kichwa, akila mlo mmoja kwa siku. Jiko lilikuwa lake. Mtaa mzima haukuwa na mtu aliyeshika usafi wa dini kama yeye. Unyoya wa kunguru ukimwangukia begani alirudi kisimani kuoga upya.

"Zile mara mbili mlitanguliza nini?" akauliza kutoka jikoni.

"Konzi ya mchele na kungumanga," Baba akajibu.

"Kwani huko Satara alikwenda kuuza duka? Tangulizeni kitu ambacho hawezi kusafiri bila hicho, safari iwe ya kweli. Tangulizeni cheti chake cha kuingilia mtihani."

Baba alimtazama Phadke, Phadke akamtazama Baba, na wote wawili wakaona haya kwamba hawakuliwaza wao. Jumapili jua likichomoza cheti kikafungwa kwenye kitambaa cha hariri, kikapelekwa kwa Karandikar, nyumba ya pili, kikawekwa chumba cha ndani mbele ya miungu yao. Siku njema huonekana asubuhi, Phadke akasema. Akala vitumbua vyetu vinne akaenda zake.

Jumanne, tulipokuwa tunafunga mkeka wa Gajanan, tarishi wa posta alipita mbio kuelekea kwa Karandikar. Punde tukasikia kilio. Ndugu yake Mzee Karandikar amefariki Nashik. Alikuwa mzee wa miaka themanini, na mpaka siku ile nusu ya mtaa haikujua kama yupo. Mama alishika shavu, akasema maskini, maskini. Kisha akageuka ghafla kumtazama Gajanan. Gajanan naye akawa mweupe kama unga.

Nyumba yenye msiba, kwa sheria yetu, imeingia najisi kwa siku kumi. Waliomo hawagusi miungu yao wala hawampi mtu kitu mkononi. Chochote kikitoka humo lazima kipite kwenye maji kwanza. Na cheti kilikuwa humo.

Mzee Phadke aliitwa, akaja anatafuna.

"Si kitu kikubwa," akasema. "Nguo hufuliwa, chombo husuguliwa kwa majivu, mtu huoga. Kila kitu kina dawa yake."

"Na karatasi?" Baba akauliza.

"Karatasi nayo huoshwa."

"Ikishaoshwa, mzee," Gajanan akasema, "Mzungu wa mlangoni atasoma nini? Povu?"

Baba akafungua vitabu vyake vya sheria. Akapata hukumu ya sufi, ya hariri, ya pembe za ndovu, ya asali, hata ya mkia wa farasi. Wahenga wetu walifikiria kila kitu chini ya jua isipokuwa cheti cha Chuo Kikuu cha Bombay. Phadke akashauri tusubiri siku ya kumi na moja, nyumba itakapotakaswa. Mama akamwambia labda aandike barua awaombe watahini wasubiri naye.

Mwalimu Limaye akatokea, saa yake ya mnyororo mkononi. "Bila cheti hawamruhusu kuingia hata mtoto wa Gavana," akasema. "Lakini jamani, karne hii! Najisi, saa njema, saa mbaya! Mmesoma sayansi ninyi? Mtu aingie tu akichukue!"

"Sawa, Mwalimu," Mama akasema kwa adabu zote. "Ingia wewe, umesoma sayansi."

Mwalimu Limaye akarudisha saa mfukoni. "Ningeingia. Ila nyumbani tuna mgonjwa, na mke wangu ni mtu wa zamani sana. Mimi binafsi siamini."

"Nitaingia mwenyewe," Gajanan akasema.

Mama akamdaka mkono. Utoke nyumba ya kilio uende moja kwa moja mtihanini, mwanangu? Baba naye akamkumbusha kwamba Satara angefikia kwa binamu yake, mtu mkali wa dini, na basi lilijaa watu wa kwetu wenye midomo. Habari ingefika kabla yake, na binamu asingemfungulia mlango. Baba mwenyewe hakuweza kwenda. Kesho yake alikuwa na harusi ya kuongoza, na wenye harusi wangemkimbia. La kuvunda halina ubani.

Gajanan akakaa kizingitini, akafunika uso kwa mikono. Alikuwa mvulana wa miaka kumi na tisa mwenye masharubu, na alilia mbele ya mwalimu wake. Mimi nilikuwa na mzaha tayari ulimini, juu ya treni na mvua. Niliumeza. Nilimpenda sana kaka yangu wakati ule, na nilimwona akiingia kwenye mkoba wa Baba na kufungiwa humo maisha.

Kule barabarani, kwenye mti wa kituo, basi lilipiga honi ya kwanza.

Bibi Thaku akatoka jikoni. Alipita katikati yetu, na sisi tukajikunyata ukutani kama kawaida, tusimguse. Akatoka mlango wa mbele. Hilo peke yake lilitushangaza, maana mtu akisafiri Bibi hakuutumia mlango wa mbele. Uso wa mjane ni nuksi kwa msafiri kuliko paka mweusi. Siku za safari alijifungia nyuma bila kuambiwa, na hakuna aliyekumbuka tena kama aliwahi kuambiwa.

Tukamwona anashika njia ya kwa Karandikar. Mama Ambu Karandikar alikuwa barazani, nywele zimetimka.

"Bibi, usikaribie!" akalia. "Tuna msiba!"

"Nimeujua msiba kabla mama yako hajaolewa," Bibi Thaku akasema. "Pole sana, mwanangu. Sasa sogea."

Akaingia. Mtaa mzima ulikuwa umejaa milangoni. Alipotoka, kile kibunda cha hariri kilikuwa kifuani pake. Alimpita Phadke, akampita Baba, akasimama barabarani, uso kwa uso na Gajanan aliyekuwa na mkeka wake begani.

Phadke ndiye aliyepata sauti kwanza. "Thakubai! Mjane, mbele ya msafiri! Na mkononi kitu cha maiti!"

"Phadke," akasema, wala hakugeuka, "umemtafutia saa njema mara mbili, akafeli mara mbili. Mwache safari hii ajaribu na mbaya."

Mtu mmoja alicheka. Naapa ilikuwa Baba.

"Wazo la kutanguliza cheti lilikuwa langu," akamwambia Gajanan, polepole zaidi. "Mchimba kisima huingia mwenyewe. Najisi ninayo mimi, wewe huna. Binamu akikuuliza, mwambie Thaku ndiye aliyekigusa, aje kugombana na Thaku. Shika. Na wakikuuliza habari za treni, andika habari za treni."

Gajanan akakishika kwa mikono miwili, akakimbia. Bibi Thaku akaenda kisimani, akajimwagia maji na nguo zake zote, ndoo baada ya ndoo, mpaka meno yakagongana. Hakula siku ile wala kesho yake. Wanawake wa hekaluni walimkataza kusokota tambi za taa za miungu kwa miezi miwili, na ile ilikuwa kazi yake aliyoipenda kuliko zote. Hakulalamika. Alikaa jikoni akisokota tambi ambazo hakuna aliyezihitaji, na mimi nilikaa naye, nikiogopa kumgusa goti, na nikimwonea uchungu.

Mwezi wa sita gazeti likaja na basi. Mwalimu Limaye alisoma namba za waliopita, kidole kikishuka, akaigonga ya Gajanan, akaigonga tena. Daraja la tatu, mkiani kabisa, lakini ndani. Mama akagawa peremende mtaa mzima. Phadke alikumbusha watu kwamba safari ilianza Jumapili, jua likichomoza. Mwalimu Limaye akasema sayansi imeshinda. Baba alisema ni maombi yake. Kuhusu Bibi Thaku hakuna aliyesema kitu, na yeye alikuwa jikoni anakaanga.

Wiki chache baadaye Gajanan akaondoka kwenda Bombay kwenye reli yake. Safari hii Phadke alipata saa njema na siku njema, na ikaangukia palepale basi linapopita. Wanawake wenye waume walipangwa njiani na mitungi ya maji iliyojaa, ili kijana akitoka aone heri tupu. Mama alimtilia kijiko cha maziwa lala kiganjani, akayalamba. Kila mtu alikuwa tayari.

Gajanan akaweka sanduku lake chini katikati ya mlango, akalikalia.

"Bibi yuko wapi?"

"Usianze," Mama akanong'ona. "Unajua aliko."

"Bibi!" akaita kwa ile sauti yake ya chura. "Njoo!"

Kutoka nyuma ya nyumba likaja jibu: "Nenda zako, mtoto! Basi litakuacha!"

"Siendi mpaka nikuone mbele yangu."

"Utafukuzwa kazi kabla hujafika Bombay!"

"Basi nitarudi unipikie!"

Wanawake wa mitungi walitazamana. Mzee Phadke alifungua mdomo, Baba akamwekea mkono begani, naye akaufunga. Ndipo tukasikia miguu mikavu ikija ukumbini, ikisita, ikija tena. Bibi Thaku akapita kando ya mitungi yote, akasimama kwenye jua mbele ya Gajanan, upindo wa kitambaa chekundu umeng'atwa kwa meno. Gajanan akainama akamshika miguu, yeye asiyeguswa na mtu, naye hakurudi nyuma.

Aliuachia ule upindo, akamtazama muda mrefu, masharubu, paji, macho.

"Kumbe ndivyo mnavyokuwa mkiondoka," akasema. "Miaka yote hii nimewatazama kwenye ufa wa mlango wa jikoni. Najua visogo vyenu tu."