Gari Ikifia Mikononi Mwako

Injini ilinguruma lakini gari lilikataa kwenda. Khamala alikanyaga mafuta zaidi. Sauti ikapanda, moshi ukatoka, na pikapu ikabaki pale pale katikati ya kilima cha Kambi Muru, mifuko ya saruji imeilalia mgongoni. Kisha ikaanza kurudi nyuma. Kwenye kioo cha pembeni alimwona mama wa omena, muuza dagaa wa ziwani, akilinyanyua beseni lake kwa mikono miwili.

"Weee! Dere! Unatuua!"

Alikanyaga breki kwa nguvu zote. Gari lilisimama likiwa limekaribia kuigusa meza ya yule mama. Akavuta handibreki, akairudisha gia kwenye P, akangoja, akaipeleka D. Haikushika. Akajaribu tena. Gia ikashika kwa kishindo, kama mtu aliyeamshwa kwa teke, na pikapu ikaruka mbele ikapanda kilima kana kwamba haikuwa na neno na mtu.

Alipofika juu shati lilikuwa limemganda mgongoni. Kilima chenyewe hakukiogopa sana. Alimwogopa Kagiri.

Kagiri alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Gatina, kule Kawangware, na nyuma ya duka alikuwa na ploti mbili za ghorofa. Siku alipomwajiri Khamala, alichukua leseni yake na kitambulisho chake, akavitia kwenye droo, akaifunga. Halafu akampa funguo na sheria moja tu: "Gari ikifia mikononi mwako, ni yako." Alisema akitabasamu, na Khamala naye akatabasamu, maana mtu akikupa kazi Nairobi unacheka anapocheka.

Sheria hiyo haikuchekesha tena baada ya Mulwa. Mulwa aliendesha lori la Kagiri. Injini ilipasuka siku moja likiwa na kokoto, na kabla jua halijazama alikuwa ndani, ameandikiwa kuharibu mali kwa makusudi. Yuko rumande hadi leo. Kila akipelekwa kortini anaambiwa faili haijaonekana. Gari la tajiri ni kama mtoto wa tajiri: likianguka, yaya ndiye aliyelisukuma.

Kwa hiyo, baada ya kushusha saruji, Khamala hakurudi dukani moja kwa moja. Alipitia kwa Oyoo, fundi aliyetengenezea magari nyuma ya kanisa la mabati, karibu na steji ya bodaboda. Oyoo alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, akakipangusa kwenye tishu nyeupe. Oili hiyo ikiwa mpya huwa nyekundu. Iliyobaki kwenye tishu ilikuwa nyeusi, na ilinuka kama ukoko wa ugali ulioachwa jikoni hadi ukaungua.

"Nusa," Oyoo alisema.

Khamala alinusa. Akakirudisha kichwa nyuma.

"Badilisha basi. Badilisha leo."

"Nibadilishe?" Oyoo alifunga boneti polepole. "Omera, ndugu yangu, hii ingebadilishwa mapema haingekuwa na shida. Saa hii zile plates za kushika gia huko ndani zimeisha. Huu uchafu ndio unazisaidia kushikana. Nikimwaga niweke mpya, inaweza kuteleza kabisa, isitoke hapa. Nimeona hiyo mara mingi."

"Na nikiacha?"

"Itakufa tu. Labda kesho, labda mwezi ujao. Ukibeba cement, ni kesho."

"Sasa inafaa kubadilishwa lini?"

Oyoo alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi. "Wakati wake ulipita kabla hujaijua hii gari. Kyalo pia aliileta hapa. Nilimwambia hivyo hivyo."

Kyalo! Dereva aliyemtangulia, aliyempigia simu mwenyewe akamwambia kuna kazi, akamwonyesha gari akimpigapiga begani. Usikanyage sana, alimwambia, hii gari ni ya upole. Khamala alimnunulia soda siku ile. Alimwombea hata kanisani, mjinga yeye.

"Mimi siigusi," Oyoo aliongeza, akimsukumia tishu mkononi. "Nikiigusa ife, Kagiri atanifunga na wewe pamoja. Mwonyeshe hiyo. Aamue mwenyewe. Gari ni yake."

Kagiri alikuwa kwenye kiti chake nje ya duka, anakunywa chai. Khamala alisimama mbele yake, tishu imekunjwa ndani ya ngumi.

"Bosi, oil ya gearbox imeungua. Leo imerudi nyuma na mimi Kambi Muru. Naomba iangaliwe."

"Oil ya gearbox haibadilishwi," Kagiri alisema. "Aliyeniuzia hii gari aliniambia ni ya maisha. Hata kwa kitabu yake imeandikwa."

"Bosi, fundi amenionyesha..."

"Fundi gani? Nilikutuma kwa fundi?" Hakupandisha sauti. Kagiri hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Wanaopandisha sauti ni wale wasiosikilizwa. "Lakini wewe ndiye dereva, Khamala. Mimi najua bei ya misumari tu. Ukiona inafaa kubadilishwa, badilisha."

Khamala alipumua. "Asante, bosi."

"Ngoja. Ikikufa baada ya kuguswa, nani ameigusa?"

Khamala aliikaza ngumi yenye tishu.

"Ni wewe. Si ndiyo?"

"Na isipoguswa, bosi? Ikikufa yenyewe?"

"Gari haikufi yenyewe. Hapo utakuwa umeiendesha vibaya." Akakoroga chai. "Kesho kuna mzigo mwingine wa cement, Kambi Muru. Ule ule. Mteja analia."

Tishu ilibaki ndani ya ngumi. Khamala aliitia mfukoni, akaondoka.

Alitembea hadi Gatwekera, alikopanga chumba, miguu ikiwa mizito. Njiani aliwaza kukimbia, kupanda basi la Bungoma aende zake kwao. Lakini kitambulisho kilikuwa kwenye droo ya Kagiri, na mtu asiye na kitambulisho anakimbilia wapi? Kizuizi cha kwanza tu cha polisi kingemrudisha.

Nasike, mkewe, alikuwa anasonga ugali. Nasipwondi, binti yao, alikuwa amelala kitandani nyuma ya pazia. Nasike alinusa hewa mara mbili, akacheka.

"Baba Nasipwondi, mbona unanuka ukoko? Ni nani huyo amekupikia akaunguza?"

"Ni gari," alisema, na akajilazimisha kucheka pia.

"Isaac alikuwa hapa. Anauliza kama unaweza kumpa skwodi, hata siku moja. Kagiri amjue tu."

Isaac alikuwa ndugu yake Nasike, mwanamume mwenye ndevu na watoto wawili. Nyumbani waliuza mtamba ili asomee udereva, na tangu apate leseni alikuwa akingoja dereva yeyote amwachie usukani kwa siku moja. Ndiyo skwodi hiyo: dereva mwenye kazi humwachia mwenzake gari apate riziki, naye apumzike. Na madereva wote wanajua kanuni yake. Funguo zikihama, shida nazo zimehama.

Khamala aliliacha tonge katikati ya safari ya kwenda mdomoni.

Wazo halikuja kama wazo. Lilikuja kama usingizi baada ya homa, mwili mzima ukalegea. Kisha akaona aibu hadi masikio yakawaka. Huyu ni shemeji yake. Ni mjomba wa mtoto aliyelala pale. Akajiambia la, hapana, kamwe. Akajiambia tena. Nyuma ya pazia Nasipwondi alikohoa, na Khamala akamwona Mulwa kama alivyomwona mara ya mwisho, akishuka kwenye gari la wafungwa huku ameshikilia suruali isimdondoke.

"Vipi?" Nasike aliuliza. "Unampa?"

"Mwambie aje asubuhi," alisema.

Isaac alifika Gatina akiwa amepiga pasi shati. Kagiri alimkagua juu hadi chini, akaomba leseni yake, akaomba kitambulisho chake, akavitia kwenye droo.

"Unajua sheria yangu?"

"Shem ameniambia, bosi," Isaac alisema, akitabasamu.

Wapakizi walikuwa wamemaliza kupanga saruji. Matairi ya nyuma yalikuwa yamebonyea. Khamala alimpeleka shemeji yake hadi mlangoni mwa gari, akamfungulia. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni: usipande kile kilima, gia haishiki, kataa, enda nyumbani. Kagiri alikuwa anawatazama.

"Shem, niko na wewe," Isaac alisema. "Sitasahau hii."

"Usikanyage sana," Khamala alisema. "Hii gari ni ya upole."

Alijisikia mwenyewe akiyatamka yale maneno, na hakuyarudisha.

Simu ililia jua likiwa utosini. Kagiri alimtaka kituo cha polisi. Pikapu ilikuwa imekufa Kambi Muru, katikati ya kilima, baada ya kurudi nyuma na kuilaza meza ya mama wa omena. Mama alikuwa ameruka. Samaki ndio waliokanyagwa.

Isaac alikuwa nyuma ya kaunta ya polisi, sakafuni, hana viatu, hana mshipi. Lile shati la pasi lilikuwa na oili kifuani. Kumbe alijaribu kuingia chini ya gari. Alipomwona Khamala uso wake ulichangamka, na Khamala akatamani angetukanwa badala yake.

"Shem! Waambie. Sikufanya kitu. Ilikataa tu kupanda."

"Nyamaza wewe," askari alisema.

Kagiri alikuwa ameketi upande wa askari, kwenye kiti ambacho wananchi hawakai. Alimwonyesha Khamala mahali pa kusimama.

"Khamala, wewe ni mtu wa ukweli. Ulipompa huyu gari, ilikuwa na shida?"

"Bosi, si nilikuambia jana juu ya oil..."

"Uliniambia nini?"

Askari aliinua kalamu.

"Uliniambia nini, Khamala?" Kagiri aliuliza tena, kwa upole kabisa. "Sema. Kama ilikuwa na shida na ulijua, basi ilifia kwako, ukampatia mtoto wa watu maiti. Hiyo ni kesi ingine. Kama ilikuwa sawa, ni huyu ameiua. Hakuna mtu anakulazimisha. Sema tu ukweli."

Khamala aliingiza mkono mfukoni. Tishu ilikuwa mle bado. Aliiminya. Alimtazama Isaac, akaangalia miguu ya Isaac iliyo uchi kwenye saruji, akahisi haja ndogo ikimbana kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Aliogopa. Hakukuwa na kitu kingine ndani yake wakati ule, si upendo, si dini, ila woga tu.

"Ilikuwa sawa," alisema.

"Shem?" Isaac aliita. Hakupiga kelele. Aliita kama mtu anayedhani hakusikika vizuri.

Askari aliandika. Kagiri aliinuka, akamgusa Khamala begani na kumtilia funguo kiganjani. "Chukua ile pikapu ingine. Kesho mapema. Ile mzigo bado haijafika."

Nje Nasike alikuwa amesimama kando ya lango, bakuli la githeri, mahindi na maharagwe, limefungwa kwa leso. Walikuwa wamemkatalia kuingia.

"Umeongea nao?"

"Nimeongea."

"Umewaambia si makosa yake?"

Khamala alitazama barabara.

"Baba Nasipwondi, umewaambia?"

"Wameandika," alisema. "Wataangalia."

Nasike alianza kulia, kimya kimya, mikono yote miwili imeshika bakuli. Machozi yalimfika kidevuni. "Hebu nipe kitu nijipanguse," alisema. Khamala alitia mkono mfukoni bila kufikiri, akaitoa ile tishu, akampangusa shavu mwenyewe, na akaona alama nyeusi ikibaki pale ambapo machozi yalipita.

Nasike alimshika mkono kabla hajaurudisha. Aliuvuta hadi puani. Akanusa mara moja, akanusa tena.

"Hii ndiyo ile harufu ya jana," alisema.

Kwa mkono mwingine Khamala alizikamata funguo za lile gari jingine mfukoni, akazibana zisilie.