Arobaini Nukta Sifuri Mbili

Gunia la bushi lilirudi karakanani Alhamisi asubuhi, watu hawajamaliza hata chai. Aliyelirudisha ni Abdulrahman, fundi wa pampu za visima kutoka Mbagala, mtu mpole sana, ila siku hiyo upole aliuacha nyumbani. Alilimwaga gunia mbele ya ofisi, shaba ikalia juu ya saruji, akasema pampu sita zimekaba, mtaa mzima umepanga ndoo tangu Jumatatu, na wanaotukanwa si wenye karakana, ni yeye.

Bushi, kwa asiyeijua, ni pete nene ya shaba ambamo shafti ya pampu huzunguka. Ikilegea, pampu inatetemeka na kuvuja. Ikibana, inapata moto, inang'ang'ania shafti, na maji hayatoki. Kati ya kulegea na kubana pana nafasi ndogo kuliko unywele, na pale Mtoni, kwenye karakana ya Bi Zahabiya, aliyeilinda nafasi hiyo kwa miaka ishirini na sita ni Mzee Bakari wa mashine ya kukereza.

Bi Zahabiya hakupandisha sauti. Alichukua bushi moja iliyoungua, akaigeuza kiganjani, akamtazama mwanawe Burhan, ambaye ndiye meneja.

"Karatasi inasema nini?"

"Karatasi haina tatizo, Mama. Imetoka kwenye kompyuta. Kilichokosea hapa ni mkono."

Raudha alikuwa amesimama nyuma yao na daftari lake. Tuseme ukweli, aliposikia maneno hayo aliona raha. Karatasi ilikuwa yake.

Alikuwa ameajiriwa miezi mitano nyuma, kwa mkataba wa majaribio wa miezi sita, akiwa na cheti cha chuo na kichwa kilichovimba kidogo. Kazi yake ilikuwa kukusanya vipimo vya kila kitu kinachotengenezwa pale, vitu mia nne na kumi na viwili, na kuviingiza kwenye kompyuta, ili fundi asianze kazi kabla hajachapiwa karatasi yenye namba. Kabla yake hapakuwa na karatasi. Palikuwa na ukuta.

Ukuta huo ulijaa misumari, na kwenye kila msumari kilitundikwa kitu kimoja: bushi, puli, gia, kifuniko. Kila kilichotundikwa kiliitwa mama. Mteja akitaka bushi, fundi anamshusha mama, anampima, anazaa wengine. Kundi jipya likitoka, wanachagua kilichotoka vizuri kuliko vyote, kile kinachong'aa na kubana sawasawa, wanakitundika msumarini, na mama wa zamani anapakiwa na mzigo wa mteja. Raudha alipoelezwa habari hiyo siku ya kwanza alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akachukua venia, kile kipimo cha chuma kinachosoma hadi sehemu ya mia ya milimita, akawapima mama wote mmoja mmoja kwa miezi miwili, akaandika.

Siku ya kuanza mfumo mpya, Burhan aliitisha kikao uani. Raudha alisimama akatangaza kwamba kuanzia leo habari ya kukisia imekwisha, namba ya kwenye karatasi ndiyo namba. Mzee Bakari akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hizo namba umezitoa wapi?"

"Kwa mama zenu wenyewe, Mzee. Msije mkawakana."

Uani pakalipuka kicheko. Mzee Bakari akashusha mkono, na hakuunyoosha tena.

Basi Alhamisi hiyo hukumu ilipita haraka. Jumamosi saa sita mchana Mzee Bakari ataitwa ofisini na kupewa barua. Miaka ishirini na sita si mchezo, alisema Bi Zahabiya, na uso wake ulionyesha kwamba inamuuma, lakini macho yakichoka yamechoka, na jina la karakana haliwezi kuzama visimani Mbagala kwa ajili ya mtu mmoja. Burhan akamwagiza Raudha aandike ripoti: karatasi ilitaka nini, bushi zimetoka vipi. Itaambatanishwa na barua.

Raudha aliianza kazi hiyo kwa bidii ambayo baadaye aliionea haya. Alikaa chini na gunia lile. Zilizoungua hazikumfaa kitu, maana zilikwanguka ndani mpaka kipimo chao kikapotea. Lakini chini kabisa alizikuta kumi na moja ambazo hazijafungwa kwenye pampu yoyote, mpya kabisa. Akapima shimo la ya kwanza, kwa milimita. Arobaini nukta sifuri mbili. Akapima ya pili. Arobaini nukta sifuri mbili. Ya tano, ya nane, ya kumi na moja, zote namba ile ile ya kwenye karatasi, kama vile zimetoka tumbo moja.

Mtu aliyechoka macho hakerezi hivi. Mtu huyu alitii karatasi mpaka nukta ya mwisho. Na kama bushi zimeifuata karatasi na bado zimekaba, basi mkosaji hayuko kwenye mashine.

Hakutaka kuamini, na usiku ule alijitafutia sababu nyingi: shaba mbovu, mchanga kisimani, Abdulrahman kufunga vibaya. Hakuna iliyosimama. Ijumaa asubuhi akatia venia kwenye mkoba, badala ya kwenda kazini akaenda Mbagala.

Abdulrahman alimpokea akiwa amenuna. "Mmekuja kutuzika?"

"Nimekuja kupima, kaka. Nionyeshe shafti."

Shafti ilikuwa arobaini kamili. Bushi ya sifuri mbili ilikuwa imeiachia nafasi isiyotosha hata kupitisha mafuta. Raudha akauliza kama ana bushi yoyote ya zamani, ya kabla ya mwaka huu, ambayo haijatumika. Abdulrahman akapekua kopo la misumari, akatoa moja iliyobaki mwaka jana.

Arobaini nukta sifuri nane.

"Za Mzee Bakari zilikuwaga hivyo siku zote," alisema Abdulrahman. "Unaivalisha, unasikia inaacha pumzi kidogo. Sasa sijui kapatwa na nini."

Raudha alijua kapatwa na nini. Kapatwa na yeye.

Alirudi Mtoni saa nane, akaketi mbele ya kompyuta, akafungua faili. Mstari wa bushi ulikuwa pale pale: arobaini nukta sifuri mbili. Burhan akachungulia mlangoni.

"Vipi ripoti?"

"Inakuja."

Mlango ukafungwa, na hapo ndipo wazo likaingia. Faili ile haikukumbuka kitu. Ukifuta namba na kuandika nyingine, ya kwanza imekufa, hakuna atakayejua iliwahi kuwepo. Karatasi za zamani zilichanwa kila wiki, tena kwa amri yake mwenyewe, zisije zikachanganya mafundi. Angebadilisha tarakimu moja tu, mbili iwe nane, achape, aambatanishe. Karatasi ingesema nane, bushi zingesema mbili, na Mzee Bakari angekuwa amekwisha. Mkataba ungepita. Mama yake kule Kijichi, ambaye alishawatangazia majirani kuwa bintiye ni injinia, asingeaibika.

Kidole kilifika kwenye kitufe. Sitamsafisha hapa: kilifika, na kilikaa. Kilichomtoa ni hofu ya wepesi wa jambo lenyewe. Alilipwa kutunza kumbukumbu, na kumbukumbu yenyewe ilifutika kirahisi kuliko chaki ubaoni. Akajiona, akajichukia, akapiga moyo konde, akainuka kwenda kwenye mashine ya kukereza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Hakuinua macho.

"Ile namba ya bushi. Ulijua kuwa ni mbaya?"

Mzee Bakari akazima mashine. Akasubiri mpaka iliposimama kabisa.

"Nilijua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilinyoosha mkono, mkacheka." Akafuta vidole kwa tambara, kimoja kimoja. "Mwanangu, mie sijawahi kumfuata mama wa msumarini. Pale anatundikwa aliyebana kuliko wenzake, kwa sababu akibana anapendeza. Kila mtu humu anajua, ukishampima mama unaongeza unywele. Ungeuliza mtu mmoja tu, hata anayefagia, angekwambia. Hukuuliza. Ukasema namba ndiyo namba. Nikasema haya, mie nani? Nikakereza namba."

"Ukijua zitakaba?"

Upande wa pili wa karakana mtu alikuwa akigonga bati.

"Nikijua," alisema Mzee Bakari. "Tena nilitaka zikabe. Nilitaka uaibike mbele za watu kama ulivyoniaibisha. Wale wenye ndoo sikuwafikiria kabisa, wallahi. Jana Abdulrahman alipomwaga gunia ndiyo nikawafikiria."

Raudha alikuwa amejiandaa kuomba radhi, na sasa hakujua aanzie wapi, maana hasira nayo ilikuwa imempanda. Watu wazima wawili, mmoja kwa kiburi cha cheti na mwingine kwa kiburi cha mkono, walikuwa wamewanyima maji watu ambao hawajawahi kuwaona.

"Shafti ni arobaini kamili, Mzee. Nimeipima leo kwa mkono wangu. Unakereza ngapi?"

"Karatasi iko wapi?"

"Hakuna karatasi. Nakuuliza wewe."

"Sifuri nane."

"Kereza sita. Nitakaa hapa hapa nipime kila moja. Kesho nitasema la kwangu ofisini. La kwako utalisema mwenyewe, mie silisemi."

Akakereza. Moja ilitoka sifuri tisa, Raudha akaikataa, Mzee Bakari akaguna lakini akarudia. Jioni Abdulrahman, aliyepigiwa simu na Raudha, alipita akazichukua zote sita bila kuaga.

Jumamosi saa sita kasoro Raudha alikuwa tayari ofisini, amefunga kibwebwe kama anakwenda kuamua ugomvi. Barua ilikuwa mezani ndani ya bahasha nyeupe. Mzee Bakari alisimama karibu na mlango, kofia mkononi. Ripoti ilikuwa ukurasa mmoja, na Raudha hakuikabidhi, aliisoma kwa sauti.

"Namba ya bushi ni yangu. Nilimpima mama wa msumarini, sikupima shafti, na sikumuuliza fundi. Bushi zimekerezwa kama karatasi ilivyoagiza, hazikukosea hata nukta. Kilichokosea ni karatasi."

Burhan akaegemea mbele. "Unajua unachosema? Mkataba wako unaisha mwezi huu."

"Naujua mkataba wangu, Bwana Burhan."

Bi Zahabiya akasema Abdulrahman amempigia simu asubuhi: pampu zote sita zinatoa maji. Alikuwa akisubiri kusikia ni kwa nini. Akavua miwani, akamuuliza Raudha swali ambalo Raudha mwenyewe alikuwa analikwepa tangu Alhamisi.

"Na hizo nyingine? Mia nne na kumi na moja?"

"Sijui, Mama. Zote nilizipima kwa njia ile ile."

"Kwa hiyo nina kompyuta iliyojaa namba, na sijui ipi ni ya kweli."

"Ndiyo, Mama. Lakini nimetengeneza faili jipya. Humu namba haifutwi. Ikikosewa inabaki, na pembeni inaandikwa nani aliipima, aliipima kwa kitu gani, na nani anaipinga. Fundi akiona namba siyo, anaandika hapo, na kazi haianzi mpaka ajibiwe. Bushi nimeshaiandika. Sifuri mbili ipo, na jina langu lipo."

Burhan alitaka kusema kitu. Mama yake akainua kidole.

"Nami nina langu," alisema Mzee Bakari kutoka mlangoni. Akalisema lote, bila kulipamba: kwamba alijua, kwamba alinyamaza, kwamba alitaka zikabe. Alipomaliza, kofia ilikuwa imekunjwa mpaka haifai.

Bi Zahabiya alimtazama. Huzuni ilikuwa wazi usoni mwake, na hasira pia.

"Ningekufukuza kwa macho mabovu, ningekuonea," alisema. "Hili ni baya kuliko macho mabovu." Akaichukua bahasha, akaitia kwenye droo, akaifunga droo. Hakuichana. "Wiki tatu. Kila kitu kipimwe upya, kwenye mashine kinakofungwa, si ukutani. Bakari, mashine atashika msaidizi wako Suleiman mpaka hapo. Wewe utapima na huyu binti. Zikiisha wiki tatu na kazi imeisha, tutazungumza mambo yenu. Isipoisha, hatuna la kuzungumza."

Kuondolewa kwenye mashine kulimchoma Mzee Bakari kuliko barua. Raudha aliliona hilo, akamhurumia. Mia nne na kumi na moja kwa wiki tatu ilikuwa karibu ishirini kwa siku, pamoja na Jumapili. Akavuta kiti cha pili mbele ya kompyuta.

"Tuanze, Mzee. Puli ya kinu cha kusagia, shimo lake ngapi?"

"Ishirini na tano na..." Mzee Bakari alianza papo hapo, kama alivyokuwa akijibu siku zote, bila kuvuta pumzi. Raudha akaweka vidole tayari kuandika, kisha akavitoa.

"Una uhakika?"

Mzee Bakari akafungua mdomo. Akautazama mkono wake wa kulia, vidole vyeusi kwa mafuta. Ndani ya karakana hakuna aliyewahi kumsikia akijibu alichojibu sasa.

"Sina," alisema. Akasimama, akachukua venia mezani. "Kinu kiko Kijichi. Chukua daftari."