Miaka Kumi na Miwili ya Hilaire

Mume wangu Hilaire aliiba miaka kumi na miwili, na mimi ndiye niliyefungwa. Msicheke kwanza, sikilizeni.

Ilikuwa sabini na mbili, mwaka serikali ilipofuta majina ya wazungu na vitambulisho vyote vikaandikwa upya. Kiwandani kwetu, hapa Likasi, walikuwa wanatafuta vijana wa kufundishwa winchi ya juu, ile inayobeba vyungu vya shaba iliyoyeyuka. Walitaka wasiozidi miaka thelathini. Hilaire alikuwa na thelathini na saba. Basi alipofika mbele ya karani wa vitambulisho akasema ana ishirini na tano, karani akaandika, mambo yakaisha. Jioni ile tulichinja kuku, tukacheka mpaka machozi. Na mimi nilicheka! Mjinga mkubwa nilikuwa.

Sasa ni tisini na nne. Kwa karatasi Hilaire ana arobaini na saba. Kwa tumbo la mama yake ana hamsini na tisa, na watu wanastaafu kwa hamsini na tano. Mimi sikuiba kitu, nina hamsini na nne zangu, kwa hiyo wanawake wa kambi ya wafanyakazi wananitania bombani kwamba nimeolewa na mtoto: "Mama Élise, mutoto yako ametoka kazi?" Nawajibu kwa maneno ambayo padri hapaswi kuyasikia.

Ningevumilia utani. Lakini macho yake yamekufa. Kwanza alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe. Halafu mwezi wa tatu aliteremsha chungu cha moto hatua moja tu kutoka miguu ya Urbain, fundi wa tanuru, baba wa watoto sita. Urbain hakumshtaki. Alikuja nyumbani, akakataa bukari, ugali niliompakulia, akaniambia, "Mama, baba Élise haone tena. Siku moja atatuua." Kisha akalia, mwanaume mzima, kwenye kiti changu.

Mtasema, si aache kazi? Anayeacha kazi anatolewa kwenye nyumba ya kambi ndani ya mwezi, na sisi kijiji cha kurudia hatuna. Anayestaafu ndiye anayebaki na nyumba. Nikaenda misheni, padri akanifungulia kitabu cha ubatizo, nikapata nakala: Hilaire, 1935. Nikaipeleka mbio kwa Guy, wa ofisi ya wafanyakazi. Guy namjua tangu ananyonya. Aliisoma, akainuka, akafunga mlango.

"Mama Simone, ficha hii karatasi."

"Nifiche nini? Hii njo miaka yake ya kweli!"

"Hiyo njo maana. Nikiitia mu dosye, mu faili yake, wataona alidanganya tangu sabini na mbili. Watamufukuza, na nyumba mutatoka."

"Na nisipoitoa?"

"Atapanda winchi miaka munane ingine."

Mama wee! Ukisema kweli unafukuzwa, ukinyamaza unaua mtu. Nilikaa pale pale kwenye kiti, sikuondoka, mpaka Guy akanionea huruma.

"Kuko njia moja," akasema. "Munganga wa kiwanda akiandika macho imeisha, anatoka sawa mustaafu, na nyumba inabaki. Pale miaka hawaiangalie."

Kumpeleka Hilaire kwa munganga, yaani daktari wa kiwanda! Mtu ambaye kwenye kilio anakataa viti vya wazee, anakwenda kuchuchumaa na vijana juu ya matofali, magoti yakilia kama mlango. Mtu anayepaka nywele dawa ya viatu, mito yangu yote imekuwa myeusi. Ukimwita muzee anakujibu, "Muzee ni baba yako." Tuligombana wiki nzima. Mwisho nikamwambia: mficha maradhi kilio humuumbua, na hicho kilio kitakuwa cha Urbain. Asubuhi akavaa shati lake la misa, tukaenda.

Chumba cha munganga kilikuwa kitupu. Walioupora mji mwaka wa tisini na moja walibeba mpaka mapazia, na tangu hapo hakuna mfanyakazi aliyepimwa macho. Munganga mwenyewe alikuwa kijana wa adabu, amebaki na meza moja na kalamu. Akanyoosha kidole ukutani, penye msumari na alama nyeupe ya mraba.

"Baba, pale kulikuwa..."

Hakumaliza. Hilaire aliona kidole, akasimama wima, akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akaanza kusoma.

"H. N, D. Z, U, T."

Alisoma kwa sauti ya mtoto wa katekisimu. Alishuka mstari kwa mstari mpaka herufi ndogo kabisa, kisha akafunika jicho la pili, akasoma upya zote. Ndipo nilipoelewa kwamba herufi zile alikuwa amezikariri, miaka yote ile alipimwa kwa kichwa, si kwa macho. Nilitaka kumzuia, nikamwacha amalize. Nilimwonea huruma.

Alipomaliza akageuka anatabasamu. "Yote, munganga. Sawa?"

Munganga aliniangalia mimi, kisha yeye. "Baba, uko na miaka ngapi?"

"Arobaini na saba."

"Baba," munganga akasema polepole, "ile karatasi ya herufi waliiiba. Kwa ukuta hakuna kitu."

Hilaire alikwenda mpaka ukutani. Akaupapasa kwa viganja vyote viwili, juu, chini, juu tena, mpaka kidole chake kikagusa msumari. Nyuma yake munganga alikuwa ameshaanza kuandika.

Nilikuwa nimepata nilichokitafuta. Urbain ataishi, nyumba itabaki. Nilisema aksanti mara tatu, na machozi yananitoka.

Nje malori ya machimbo ya Kakontwe yalikuwa yanapita na vumbi lake la chokaa. Nikamshika mkono Hilaire tuvuke. Akasimama.

"Simone," akasema. Miaka thelathini na zaidi alikuwa ananiita mama Élise. "Leo umenizeesha."

Akavuta mkono wake autoe mkononi mwangu, akautoa kweli. Lori likapiga honi. Akageuza kichwa huku na huku, hakujua linatoka upande gani, akautafuta mkono wangu hewani, akaukamata kwa nguvu mpaka ukaniuma.