Soksi za Mikono

Mjukuu wangu aliingia na mfuko kwapani, akakaa kwenye kiti cha jikoni bila hata kuvua viatu. Nikajua mambo yameharibika.

"Imenywea tena, bibi."

Akatoa soksi ya mkono, nyeupe, laini. Kiwandani kwao wanafuma nyuzi za polithini, plastiki ile ile ya mifuko, ila hii imevutwa ikavutwa mpaka kisu kinateleza juu yake. Wakata vioo wanaivaa kuanzia kwenye kifundo cha mkono mpaka juu ya kiwiko. Mwanangu, baba yake huyu binti, ni mkata vioo, na makovu yake siwezi kuyahesabu. Soksi za kwanza alizivaa siku mbili. Zikafuliwa kwa maji ya moto, zikarudi zimembana hata damu haipiti. Akazivua, na wenzake wakazivua.

"Kesho kutwa wakata vioo wanakuja kupima mara ya mwisho," akasema. "Ikinywea zaidi ya upana wa kidole, kazi hii inafutwa. Baba ataendelea kukata vioo mikono mitupu."

"Na wewe?"

"Mimi nitarudi kwenye ufagio. Hilo si kitu." Alisema hivyo akiangalia sakafu.

Kazi yake ni kukishika kitambaa kwenye fremu yenye meno, kukivuta kikaze, na kukiingiza kwenye tanuri ili joto likifundishe kukaa na umbo lake. Moto ukizidi, nyuzi zinayeyuka. Ukipungua, kitambaa hakijifunzi kitu. Alikuwa ameshaupandisha na kuushusha wiki tatu nzima.

Akaenda kuoga. Mimi nikabaki na ile soksi, mikono ikaniwasha. Miaka thelathini na moja nimepiga pasi shuka za hospitali, nikajiona najua. Nikaweka pasi moto wa kati, nikatandika kitambaa kibichi juu. Vibanio vilikuwa vinne tu, kwa hiyo nikaibana nusu ya juu kwenye meza na kuipiga pasi. Jirani akagonga mlango, nikaenda kumsikiliza. Niliporudi nikahamishia vibanio nusu ya chini, nikapiga pasi tena.

"Bibi, unafanya nini?"

Alikuwa amesimama mlangoni na taulo kichwani. Nikashtuka kama mwizi, nikaichomoa soksi kwenye vibanio ingali moto. Ile nusu ya chini ikaanza kujikunja mkononi mwangu, polepole, kama jani kando ya moto.

"Nisamehe, mke mwenzangu."

"Mke mwenza gani anaharibu kazi za watu?" Akaninyang'anya. Akaipapasa nusu ya juu, akaipapasa ya chini. "Hii ya juu mbona imekaa? Uliibana?"

"Zote mbili nilizibana."

"Moto ule ule?"

"Ule ule. Ila hiyo ya juu niliiacha hapo hapo nikaenda kuongea na jirani."

"Muda gani?"

"Si unamjua jirani."

Akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Kisha akaniambia: kiwandani fremu ikitoka tanurini, kitambaa kinang'olewa hapo hapo. Fremu ni moja, na msimamizi wao, wanayemwita Bwana Dakika, husimama pembeni akiingojea.

"Hakipoi kikiwa kimevutwa," akasema. "Tunakiachia kabla hakijashika. Kesho twende wote, bibi. Mimi akinifokea nitakitoa tu. Wewe hawezi kukufokea."

Basi asubuhi nikakaa kwenye kigoda karibu na fremu, mkoba mapajani. Kilikuwa kimebaki kipande cha kutosha soksi moja. Kikaingia, kikatoka. Bwana Dakika akaja.

"Shikamoo mama. Fremu hiyo inahitajika."

"Marahaba, mwanangu. Bado ina joto."

"Joto la kawaida hilo."

"Weka shavu basi."

Hakuweka shavu. Aliweka kiganja, akakitoa upesi. Akamtazama mjukuu wangu, akanitazama mimi, akavuta kigoda kingine. Tukakaa watu wawili tukilinda kitambaa kama wanaomwangalia mgonjwa. Kilipopoa kabisa, binti akakifungua jino moja moja. Hakikujikunja. Kikashonwa, kikafuliwa kwa maji ya moto, kikaanikwa.

Kesho yake wakata vioo walikuja watano, mwanangu akiwa wa mwisho. Mjukuu wangu alipima kwa rula, akapima tena.

"Nusu ya upana wa kidole," akasema.

"Rudia," akasema Bwana Dakika, kwa upole.

Akarudia. Nusu ya kidole.

Mwanangu akaivaa mkono wa kulia. Ikapita kiwiko bila kugombana naye. Akakunja mkono, akaukunjua, akaomba kipande cha kioo na kalamu ya kukatia. Akakata mstari, akakivunja, ukingo ukampita juu ya mkono kwa sauti ya kukwaruza. Wote tukainama kuangalia. Palikuwa na alama hafifu kama ya kucha, basi.

Hakusema ameipenda. Huyo tangu utotoni hasemi. Alinyoosha mkono wa pili, ule wenye makovu mengi, mbele ya binti yake.

"Na ya kushoto iko wapi?"

"Naenda kuitengeneza, baba," akasema, naye alikuwa ameshageuka.